Kipande: Kutoka Shingoni Hadi Mfukoni

Kijana wa Kenya akitimiza miaka 18 huambiwa aende akachukue kipande. Sheria inakiita kitambulisho cha taifa, na ndivyo kilivyoandikwa kwenye fomu, lakini katika matatu, sokoni na mbele ya askari wa doria usiku, jina lake ni kipande tu. Wanaume waliolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza wamekwisha kuzikwa. Wangeshangaa kuwasikia wajukuu zao wakilitamka kwa hamu, maana kwao kipande kilikuwa kitu cha kutupwa motoni.

Mwaka 1922 watu walikusanyika Nairobi kwa hasira juu ya karatasi hiyo, wakapigwa risasi. Mwaka 2016 watu wengine walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kuililia. Kati ya matukio hayo mawili haikupita hata miaka mia moja, na kilichotokea hapo katikati kinastahili kusimuliwa polepole.

Neno lenyewe ni la kazi. Kipande ni sehemu ya kitu kizima, na katika mashamba ya pwani na Tanganyika lilikuja kuwa jina la kadi ya kibarua. Wajerumani walipotaka watu wa Usambara wawalimie, kuanzia mwaka 1907 walimpa kila mwanamume kadi, na ilimbidi aonyeshe kwamba katika kila miezi minne amemfanyia Mzungu kazi ya siku 30. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: ukimaliza ngwe yako ya leo, siku moja inatiwa alama, usipoimaliza, siku hiyo haihesabiwi hata kama umeshinda juani. Mtu alikuwa akisema amebakiza siku nne kwenye kipande chake, na kila aliyemsikia alielewa. Tangu mwanzo, basi, kadi hiyo haikuuliza mtu ni nani. Iliuliza anamfanyia nani kazi.

Upande wa Kenya walowezi walikuwa na shida yao. Walikwishapata ardhi, lakini watu wa kuilima hawakukaa. Mtu aliajiriwa, akaona mshahara mdogo au nyapara mkali, akaondoka usiku kurudi kwao. Mlowezi angemtafutaje? Alimjua kwa jina moja, labda Kamau au Otieno, na akina Kamau walikuwa maelfu. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915. Vita Kuu ikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza mwaka 1919 na 1920, wakati wanaume waliokuwa wapagazi wa jeshi, wale waliouachia mtaa wa Kariakor jina lake, walipokuwa wamerejea kutoka Tanganyika. Wengi hawakurejea. Mishahara ya wengi waliokufa huko haikuwafikia wazazi wala wajane wao. Serikali iliyoshindwa kuwatafuta ndugu wa marehemu ili iwalipe iliweza, mara baada ya hapo, kumfuata kila mwanamume aliye hai hadi mlangoni kwake ili imwandikishe. Jambo hilo siwezi kulipita kimya.

Dawa ya jina moja linalobebwa na watu elfu ilikuwa kidole. Hii nayo ilitoka mbali. Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa Mwingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja wa vifaa vya barabara agandamize kiganja chake chenye wino nyuma ya mkataba, ili baadaye asije akaukana. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta, na namna ya kuzipanga alama hizo, iliyopewa jina la Edward Henry, ilibuniwa kwa kazi kubwa ya wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Kutoka India ikaenda London na Afrika Kusini. Huko Transvaal Wahindi walioamriwa kujiandikisha kwa vidole waligoma wakiongozwa na Gandhi, na Agosti 1908 wakavichoma vyeti vyao hadharani mbele ya msikiti mmoja wa Johannesburg. Kwa hiyo mfumo huo ulipofika Nairobi ulikuja na sifa zake zote. Waliouleta walijua unaweza kumfunga mtu, na pia walijua watu wamewahi kuukataa.

Tukitazame kipande chenyewe kwa karibu. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa. Upande mmoja una namba, jina la mwenyewe, kabila, wilaya atokayo, na alama ya kidole iliyokolea wino mweusi. Upande wa pili una safu: jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe ya kuachishwa, na mahali pa saini ya mwajiri. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kufuli. Bila saini ya kuachishwa, mtu hakuweza kupata kazi kwingine, kwa sababu mwajiri mpya angeona bado ni wa yule wa zamani. Mwajiri aliyekasirika alikataa kutia saini, na mtu akabaki hapo hapo. Mwingine aliandika neno baya, na neno hilo likamtangulia mwenye kipande kila alikobisha hodi. Yeye mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma, hivyo alitembea na hukumu yake kifuani bila kujua inasema nini.

Nasema kifuani kwa maana yake halisi. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe kidogo cha chuma, na kikebe kikafungwa uzi na kuvaliwa shingoni. Nguo za wengi wakati huo hazikuwa na mifuko, na jasho na mvua vingeiharibu karatasi. Lakini waliokivaa walikiona kwa jicho lao. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi shingoni ili asipotee malishoni. Sijui kama kuna ripoti ya tume yoyote iliyolieleza jambo hilo vizuri kuliko neno hilo moja.

Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa awe nacho akitoka katika eneo la kwao. Askari alikuwa na haki ya kumsimamisha popote na kukidai. Akikikosa alitozwa faini au alifungwa, na maelfu walipitia mahakamani kwa kosa hilo. Kufikia miaka ya 1930 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa. Mzungu hakuwa na kipande, Mhindi hakuwa nacho, mwanamke wa Kiafrika hakuwa nacho. Ukimwona mtu na kikebe, ulijua mara moja yuko ngazi gani.

Mwaka 1921 mambo yalikusanyika. Kodi ilikuwa imepanda, na walowezi, bei za mazao yao zilipoanguka, wakaamua kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Nairobi alikuwapo kijana aitwaye Harry Thuku, mpokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Akaanzisha chama ambacho hakikuchagua kabila, East African Association, akashirikiana na Wahindi kama M. A. Desai aliyemsaidia kuchapisha, akazunguka akihutubia. Madai yake yalijulikana kwa kila mtu: mishahara, kodi, kulazimishwa wanawake na wasichana kufanya kazi, na kipande. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

Siku mbili baadaye, tarehe 16, umati mkubwa ulikuwa umejaa mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk. Wajumbe waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka wakiwaambia watu warudi makwao. Wanaume wakaanza kuyumba. Hapo akajitokeza Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake juu, akawaambia wanaume waichukue nguo hiyo, nao wampe suruali zao. Katika mila ya Kikuyu hakuna laana nzito kuliko mama mtu mzima kuwaonyesha wanaume uchi wake. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, bunduki zikalia. Serikali ilitaja vifo 21. Waliokuwapo walisema waliokufa ni wengi zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Kila nikifikiria siku hiyo nakwama hapo kwake. Muthoni hakuwa na kipande. Sheria haikumgusa shingoni. Alikufa kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimefungwa kwenye shingo za watoto, kaka na waume. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu na hakurudi mpaka miaka zaidi ya minane imepita. Leo barabara inayopita mbele ya Norfolk inaitwa kwa jina la Thuku. Kipande kiliendelea kutolewa kama kawaida.

Kilichokuja kukiangusha ni Vita Kuu ya Pili. Askari waliopigana Burma walirudi na medali, wakaambiwa wavae kikebe tena. Jomo Kenyatta alirejea nchini Septemba 1946, chama cha Kenya African Union kikapata nguvu, na katika mikutano watu walisema wazi kwamba kisipofutwa watakichoma. Mwaka 1947 sheria ikabadilishwa: kuandikishwa kusiwe kwa Waafrika pekee, kila mwanamume wa rangi yoyote aandikishwe na kutiwa alama za vidole.

Sasa walowezi ndio waliochemka. Wao kutiwa wino kama wahalifu? Walifanya mikutano, wakalalamika hadi London, na serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy. Tume ikapata njia: mwenye elimu ya kutosha kujaza fomu kwa Kiingereza na mwenye picha zake aweze kukwepa vidole. Kwa mdomo sheria ilikuwa moja kwa wote. Mlangoni kulikuwa na njia mbili, na kila mtu alijua nani atapita ipi. Miaka karibu 30 Mwafrika alikuwa ameeleza kwamba kidole kile kinadhalilisha, na hakusikilizwa. Mzungu alipoguswa, aibu hiyo ikaonekana papo hapo.

Hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, karatasi zikaongezeka. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapewa kitabu cha pasi, na bila hicho hakuna kusafiri wala kazi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi wakauzingira mji wa Nairobi kwa msako walioupa jina Anvil. Mtaa baada ya mtaa watu walitolewa nje wakachuchumaa kwa mistari, kila mmoja na karatasi zake mkononi. Halafu wakapitishwa mbele ya gakunia. Huyu alikuwa mtoa habari aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi miguuni, lenye matundu mawili ya macho. Kichwa kikiinama, mtu anapelekwa kizuizini, kikitulia, anaachwa. Makumi ya maelfu walikamatwa katika msako huo. Pasi ya mtu ingeweza kuwa safi, namba sahihi, saini zote zipo, picha yake mwenyewe, na bado yote hayo yasifae kitu mbele ya gunia linalotikisika. Aliyedaiwa athibitishe kila kitu alikuwa na karatasi tele. Aliyeamua hakuwa na uso.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, kikebe kilikuwa kimesahaulika, lakini sheria ya kuwaandikisha wanaume ilibaki. Wanawake walikuwa bado nje. Walithibitishwa kwa mdomo: mke wa fulani, binti wa fulani, mama wa fulani. Mwaka 1978 ndipo sheria ilipobadilishwa nao waandikishwe, na mwaka 1980 umri ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18, kadi mpya zikaanza kutolewa. Kipande kilikuwa kimekwisha kuhama kutoka shingoni kwenda mfukoni, na sasa kikaingia pia katika fundo la leso. Kazi zake nazo zikageuka. Bila kipande hakuna kura, hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi ya serikali, na siku hizi hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako wala M-Pesa. Kitu kilichokuwa kamba kikawa ufunguo, na wasio nacho wakabaki nje ya mlango.

Waliobaki nje hawakuwa watu wowote tu. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wajitokeze kupigwa msasa. Mtu mwenye kitambulisho halali, aliyezaliwa Wajir au Garissa, alikaa mbele ya jopo akaulizwa ukoo wake, baba wa babu yake, na chifu wake. Aliyepita alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Alilazimika kutembea na kitambulisho cha kukithibitisha kitambulisho chake. Majirani zao wa makabila mengine hawakuulizwa lolote.

Kibra, Nairobi, wapo Wanubi. Wahenga wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliopigana chini ya bendera ya Uingereza katika King's African Rifles, wakapewa msitu wa hapo wakae. Kibra katika lugha yao ni msitu. Kizazi cha nne na cha tano kimezaliwa pale. Hata hivyo kijana wa Kinubi alipofika miaka 18 hakupita mlango mmoja na wenzake. Alipelekwa mbele ya kamati ya msasa, akadaiwa hati za wazazi na hata za babu na bibi, akaambiwa aje wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Kesi yao ilifika mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na mwaka 2011, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa, kamati hiyo ilisema Kenya imewakosea watoto wa Kinubi haki ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa.

Wamakonde walikuwa Kwale. Wazee wao walivuka kutoka Msumbiji, wengi tangu miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Katika ulimwengu huo wa mkonge neno kipande lilikuwa la kila siku. Mashamba yakafa, wao wakabaki, wakachonga vinyago na kuvua, wakaoa na kuolewa na Wadigo. Kwa serikali hawakuwa wa popote. Mtoto alimaliza shule lakini hakuweza kuajiriwa. Mtu akitaka kupokea pesa kwa simu alimwomba jirani Mdigo amsajilie laini, na kuanzia hapo kila senti aliyotumiwa ilipita kwenye jina la mtu mwingine. Oktoba 2016 walianza safari ya kwenda Nairobi, wazee kwa vijana na akina mama wenye watoto mgongoni. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kuchelewa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baada yao wakafuata Washona na kisha Wapemba.

Kaskazini bado kuna kisa kinachoniuma kuliko vyote. Wakati wa ukame, familia za Kenya zilizokuwa na njaa zilienda kambi za wakimbizi za Dadaab, kwa sababu kule kulikuwa na chakula na shule. Kupata chakula ilibidi uandikishwe, na kuandikishwa ni kutoa kidole. Wapo waliopelekwa na mama zao wakiwa wadogo. Miaka ikapita, njaa ikaisha, wakarudi kwao. Walipofika miaka 18 wakaenda kuchukua kipande, wakaweka vidole, na mtambo ukajibu kwamba hawa ni wakimbizi. Mtambo haukukosea. Kidole ni kile kile kilichopokea unga na mafuta ya kupikia. Kidole kinajua ni cha mkono gani, lakini hakina habari ya mama aliyekishika, wala ya kile kilichompeleka pale kwenye foleni.

Mwaka 2019 ikaja Huduma Namba, mpango wa serikali wa kuwaandikisha watu upya kwa mitambo. Wanubi wakaenda mahakamani na wenzao, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaizuia serikali isichukue vinasaba vya watu, ikataka pia ziwepo kanuni za kuwalinda wale ambao mtambo ungewaacha nje. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa wa ziada kwa watu wa kaskazini umefutwa. Wengine walishangilia. Wengine wakasema watasubiri kuona dawati litasemaje.

Nilipata kumsindikiza kijana wa jamaa zetu kwenye ofisi moja ya kuandikishia watu, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na kitambulisho cha mama yake. Karani alivipitia vyote bila haraka, akavirudisha juu ya meza. Akauliza kama kuna kitu chochote cha babu, upande wa baba. Tukarudi nyumbani. Bibi yake, ambaye hapendi kuulizwa maswali, alikwenda chumbani akalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya kanga na risiti za kodi, kulikuwa na kikebe cha chuma kilichoota kutu. Alikifungua kwa kisu. Ndani karatasi ilikuwa imekuwa kahawia na imekatika kwenye mikunjo, lakini kidole kilikuwa bado cheusi, mistari yote inaonekana. Alisema marehemu alitaka kukitupa kisimani siku ya uhuru, naye akakificha.

Kijana alikiweka ndani ya bahasha, akaitia bahasha katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Asubuhi tulikuwa wa saba kwenye foleni.